Yah: Ugonjwa Wako

Milepa,
20 Februari 1994

Mwalimu Redempta, mtani wangu usiye na haya,

Shikamoo. Naitoa kwa ajili ya chaki, si kwa ajili ya umri. Kwa umri tunalingana, ila wewe unaficha.

Felisiani dereva, yule anayebeba mahindi ya wachuuzi wa Mbeya, ameniambia umesafiri kwenda Dar es Salaam. Mfipa na Dar es Salaam wapi na wapi? Ninyi watu wa juu mmezoea baridi na upepo, kule mtayeyuka kama samli. Kama umefuata mitumba, nitafutie koti la Mboje, refu mikono, maana mume wangu huyu anazidi kurefuka wakati wenzake wanazeeka. Na kama umefuata matibabu, kama Felisiani anavyodai, waambie madaktari wakuchome sindano kwa adabu. Mfipa akiudhika radi hupiga hata jua likiwaka.

Anasema ni uvimbe. Uvimbe wa wapi? Wa mdomoni, kwa maneno mengi? Kama ni huo mimi nimeutambua tangu mwaka ule uliponifundisha kusoma kwenye ghala la ushirika, ukanirudisha kwenye herufi moja siku nne mpaka nikaota nayo.

Huku kwetu mvua si haba. Ng'ombe wamenona. Yule jike mwenye baka jeupe amezaa, na ndama nimempa jina lako kwa sababu anampiga teke kila anayemgusa. Mboje anasema nitakuja kugombana nawe. Nimemwambia hajui utani ni kitu gani.

Rudi upesi, huko kwenu Kizwite hakuna wa kumtukana.

Wako,
Kabula


Wodi ya Wanawake,
Dar es Salaam,
8 Machi 1994

Kabula mtani,

Marahaba, ingawa umeitoa kwa jeuri. Barua yako ilipitia kwa Kasmir, akaiweka ndani ya yake, na nesi akaniletea kitandani. Nimeisoma mara tatu. Mara ya pili niliisoma kwa sauti na wodi nzima ikacheka, hata mama mmoja wa Mtwara ambaye hacheki kamwe. Sasa wote wanataka kumjua huyo ndama.

Uvimbe si wa mdomoni. Ni wa titi. Kule Mbeya walikata kipande wakakipima, na wiki iliyopita daktari wa hapa aliketi kwenye ukingo wa kitanda akanieleza taratibu. Ni saratani. Nimeliandika neno hilo sasa hivi kwa mara ya kwanza, na kama unavyoona mwandiko haukutetemeka. Kulisema bado sijaweza.

Wanataka kuliondoa titi lote, kisha nipigwe mionzi. Daktari anasema tukiwahi kuna matumaini, tukichelewa hasemi kitu. Lakini sharti mimi mwenyewe niweke sahihi ya kukubali. Kila asubuhi nesi huja na karatasi, na kila asubuhi namwambia kesho. Ananitazama kama mimi ninavyomtazama mtoto aliyesahau daftari kwao.

Kasmir hajui. Nimemwandikia kwamba bado wanangoja majibu. Unamfahamu shemeji yako, akipata jambo zito hunyamaza mpaka nyumba inaganda, unasikia randa tu kule kwenye karakana yake. Nikimwandikia ataniletea kimya chake ndani ya bahasha. Sitakiweza sasa.

Kwa hiyo nimekuambia wewe peke yako. Usimwambie mtu mwingine, Kabula. Niandikie moja kwa moja hapa wodini, hata kama ni upuuzi. Hasa upuuzi.

Mtani wako,
Redempta


Bi. Kabula Mboje,
Kijiji cha Milepa,
Sumbawanga.
23 Machi 1994

Mwl. Redempta Kasmir,
Wodi ya Wanawake,
Dar es Salaam.

YAH: UGONJWA WAKO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimepokea kwa masikitiko makubwa barua yako ya tarehe 8 Machi 1994, ambayo ndani yake umenitaarifu kwamba umepatwa na ugonjwa hatari wa saratani.

Napenda kuchukua nafasi hii kukupa pole nyingi. Kama ujuavyo, hapa duniani sisi sote ni wapitaji. Unashauriwa usiwe na wasiwasi wowote wala usifikirifikiri, kwani kufikiri huzidisha maradhi. Utapona kabisa. Endapo itakuwa vinginevyo, hatuna budi kuyapokea mapenzi ya Mungu.

Aidha, nakufahamisha kuwa Jumapili tarehe 20 waumini walikuombea kanisani kwa jina lako kamili. Wanakijiji wa Milepa daima watakukumbuka kwa mchango wako mkubwa katika elimu ya watu wazima.

Nakutakia matibabu mema.

Wako katika ujenzi wa taifa,

(sahihi)
Kabula Mboje

Imepigwa chapa na: J. Anyelwisye
Nakala: Jalada


Wodi ya Wanawake,
Dar es Salaam,
4 Aprili 1994

Bi. Kabula Mboje,
Milepa.

YAH: KUPOKELEWA KWA BARUA YAKO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Barua yako ya tarehe 23 Machi imenifikia pamoja na rambirambi zilizomo. Nakushukuru kwa kunitaarifu kuwa nimeshakufa. Nilikuwa sijaarifiwa.

Nimeelewa pia kwamba siri niliyokupa imesomwa na karani, imetangazwa kanisani, na nakala yake imewekwa kwenye jalada ili wajukuu zetu wasikose kuisoma.

Kwa kuwa mazishi yangu yamekwisha kufanyika huko, sioni sababu ya kupasuliwa huku. Nimemwambia nesi asiniletee tena ile karatasi. Tarehe 22 mwezi huu nitapanda treni hadi Mbeya, na kutoka pale basi la kwenda nyumbani.

Nilikuomba upuuzi, Kabula. Nilikuomba kitu kimoja tu.

Mwl. R. Kasmir


Milepa,
14 Aprili 1994

Redempta,

Mwandiko huu ni wangu, unauona ulivyopinda. Nimeketi zizini juu ya ndoo iliyopinduliwa, kwa sababu ndani ya nyumba kila mtu ananiuliza kwa nini nalia.

Nina makosa, na nitayasema yote.

Ulipoandika lile neno niliikunja barua nikaificha ndani ya debe la unga. Siku mbili sikuigusa. Siku ya tatu nilianza kukujibu. Nikaandika habari za ndama, nikaona haya, nikachana. Nikaandika pole, ikakaa peke yake kwenye karatasi kama mtu aliyefika harusini kabla ya wenye harusi, nikachana. Nilichana karatasi tano. Nikajiambia, Kabula, ugonjwa huu ni mkubwa, na wewe umejifunza kusoma ukubwani kwenye ghala. Mgonjwa mkubwa anastahili barua kubwa, iandikwe na mtu anayejua.

Ndipo nikaenda kwa Bwana Jafeti Anyelwisye. Sidhani kama unamjua. Ni mtu wa Mbeya aliyekuwa karani serikalini, wakampunguza kazini mwaka juzi, akaja na mashine yake ya chapa akafungua kibanda hapa sokoni. Anawaandikia watu maombi ya viwanja na mashtaka ya ng'ombe walioingia shambani. Nikampa barua yako. Ndiyo, nilimpa mkononi. Nilikuwa nimesahau kuwa ni siri, nilikumbuka tu kuwa naogopa. Alipoisoma akavua miwani akapangusa macho, akasema hili tutaliandika kwa heshima zote. Aliponisomea ile barua niliona maneno makubwa yamejipanga kama askari wa gwaride, nikafurahi. Nikadhani nimekupa kitu. Mwisho wake akaongeza hayo ya kanisani kwake. Yeye aliona ni wema, nami sikumkataza.

Ulipojibu nilimpelekea akasoma. Alifungua jalada, akatoa ile nakala akanipa, nami nimeichoma kwenye moto wa ugali. Usimchukie. Mwenye kosa ni mimi.

Wazee husema watani hawaachi kutania hata msibani, mtani hucheka mbele ya jeneza na hakuna wa kumkemea. Mimi nimekuacha ukiwa hai. Sijui hata kama makabila yetu ni watani kweli. Wewe ndiye uliyetangaza siku ile ya kwanza kwenye ghala, uliponiambia Msukuma huyu anashika kalamu kama anashika mkia wa ng'ombe. Nilikuchukia mpaka jioni. Kesho yake nikaja tena.

Kuna jambo sijawahi kukuambia. Mama yangu alipougua, kule kwetu Shinyanga, nilikuwa msichana. Watu wazima walinong'ona mlangoni, wakiingia ndani wanasema, leo umeamka vizuri, usiwaze. Mama anawatazama tu. Siku moja akanishika mkono akaniuliza, "Kabula, mvua imenyesha?" Mimi nikamjibu kama wao, "Pumzika, mama." Hakuniuliza tena. Na mvua ilikuwa imenyesha, Redempta. Ilinyesha usiku kucha. Ningemwambia tu.

Sasa mimi nakuuliza, kwa sababu sijui lolote na Bwana Jafeti hajui zaidi yangu. Ni titi la upande gani? Linauma? Nani anakusaidia kuoga? Usiku unalala? Unaogopa? Kama unaogopa, unaogopa nini zaidi? Na habari zipi hutaki kabisa kuulizwa, niziache?

Sikuambii uweke sahihi. Nilitaka kukuambia, nikaona si titi langu. Ukija tarehe 22, njoo, nitapanda lori nikupokee Sumbawanga. Ukibaki, nitakuandikia kila lori la Felisiani likipita. Ukiwa na mawili, au moja, mimi ni mtani wako. Hata hivyo titi likiondoka maneno yako yote yatabaki, na hiyo kwetu sisi ni hasara tupu.

La mwisho, nalo ni zito. Kasmir anajua. Mwumini mmoja wa kanisa la Bwana Jafeti alipita Kizwite akampa pole kwenye karakana. Kasmir alishuka kuja Milepa na Felisiani, akakaa uani, akaniuliza, "Ni kweli?" Nikasema ni kweli. Akanywa maziwa, akakaa kimya mpaka kuku wakaingia bandani. Halafu akasema, "Nitakwenda." Ndiye anayekuletea barua hii. Nimemwambia akiifungua njiani radi za kwao zimpate.

Nisamehe, au nitukane. Lakini nijibu.

Kabula


Wodi ya Wanawake,
Dar es Salaam,
21 Aprili 1994

Kabula,

Kasmir alifika juzi na mfuko wa unga wa ulezi begani. Aliniambia "Pole na safari," wakati aliyesafiri ni yeye. Akanipa bahasha yako akaenda kusimama mlangoni, amenipa mgongo, ili nisome. Haijafunguliwa. Anaogopa radi kuliko wewe.

Nilikuwa nimekasirika sana. Nataka ujue hivyo, nisiipite kirahisi. Ile barua ya chapa niliisoma nimejifunika shuka kichwani, na yule mama wa Mtwara akaniuliza nani amefariki. Siku zote zilizofuata niliwaona watu wote kama wanatembea matangani. Nesi akinipa uji, nasema huyu ananipa uji wa mwisho. Ningekuwa na nauli mkononi siku hiyo ningeondoka na gauni la wodi.

Sasa umeuliza, na tangu niingie humu hakuna aliyeniuliza. Wananiambia. Kila anayekuja ananiambia. Mmoja aliniambia shangazi yake alikuwa na hivyohivyo akapona kwa majani, mwingine akaniambia wa kwake hakupona, na wote wawili walidhani wamenisaidia.

Ni la kushoto. Haliumi, na hilo ndilo linanitia wazimu, maana kitu kinachotaka kuniua kingekuwa na adabu ya kuuma. Kuoga naoga mwenyewe, ila sitazami. Silali vizuri, nahesabu vitanda.

Naogopa, ndiyo. Kisu nakiogopa kidogo, kuamka nakuogopa zaidi. Naogopa Kasmir atanitazama usoni tu maisha yote, kama mtu anayeongea na padri. Naogopa nitakapoingia darasa la saba watoto watakuwa wameshajua, watainama, hakuna atakayethubutu kufanya fujo. Naogopa kufa, Kabula. Hilo nalo sijapata kulisema, na leo nimelisema kwa sauti kabla ya kuliandika, Kasmir akiwa tena pale mlangoni. Sijui kama alisikia. Mgongo wake haukugeuka.

Usiloruhusiwa kuniuliza ni kama nimeamka vizuri.

Leo asubuhi nilimwita nesi mwenyewe nikamwomba ile karatasi. Alikwenda mbio akihofu nitabadili mawazo. Nimeweka sahihi, mwandiko wangu wa ubaoni kabisa. Watanipasua Alhamisi ijayo. Daktari alipopita alifurahi, akaniuliza nani amenishawishi, ni mume aliyekuja? Nikamwambia hakuna aliyenishawishi. Kuna mtu ameniuliza kama naogopa.

Kuhusu siri yangu, bado hujasamehewa. Nitakusamehe nikija, mbele ya Mboje, ili upate aibu vizuri.

Mtani wako,
Redempta


Dar es Salaam,
29 Aprili 1994

Shemeji Kabula,

Salaam. Mimi Kasmir ni mzima.

Redempta alipasuliwa jana. Alizinduka saa nane mchana. Daktari anasema imekwenda vizuri, na baada ya kidonda kukauka ataanza mionzi, wiki sita au zaidi. Nilimwuliza kama atapona, akasema tungoje. Nimeshukuru kwamba hakunidanganya.

Shemeji, mimi si mtu wa maneno, unanijua. Mbao hazitaki maneno. Leo nilikaa kwenye benchi kando yake saa zote za kutazama wagonjwa. Alikunywa uji. Nikasema, "Umekunywa uji." Akasema, "Ndiyo." Tumekaa hivyo mpaka kengele ikagongwa.

Aliposema lile neno kwamba anaogopa kufa nilisikia. Nilikuwa mlangoni. Sikugeuka kwa sababu uso wangu haukuwa mzuri kuutazama. Sasa sijui kama anadhani sikusikia, au anajua nilisikia nikanyamaza.

Kuna mengine yananisumbua. Nesi akija kubadilisha bandeji, nitoke au nibaki? Nikibaki, nitazame au nigeuke? Atakasirika nikitazama, au atakasirika nisipotazama? Nimwambie kwamba kwangu mimi ni yuleyule, au hilo ni neno la kumkumbusha? Nimekaa naye miaka kumi na tisa na hilo tu silijui.

Yeye barua yako aliisoma akacheka na kulia pamoja. Wewe unajua kuzungumza naye. Nakuomba unifundishe. Niandikie maneno, nitayasoma niyashike, nimwambie. Nitangoja barua yako.

Mimi shemeji yako,
Kasmir


Milepa,
7 Mei 1994

Shemeji Kasmir,

Nimeipata barua yako leo, Felisiani ananisubiri na injini inanguruma, kwa hiyo nitaandika haraka.

Nimefurahi kwamba ameamka. Nimelia kidogo, kisha nimekamua ng'ombe.

Umeniomba maneno. Shemeji, hebu jitazame. Umekaa kwenye benchi, mkeo yuko kitandani mbele yako, nawe umechukua kalamu ukaniandikia mimi Milepa, treni, basi na lori la mahindi, siku nane barabarani. Nami nikupe jibu lipande tena lori, basi na treni, siku nane nyingine, ndipo umgeukie umsomee? Mimi nilifanya hivyohivyo. Nilikuwa na mdomo, nikaenda kuazima mdomo wa Bwana Jafeti, na kidogo nimpoteze mtani wangu.

Sina maneno ya kukupa. Na ningekuwa nayo yangekuwa yangu, angeyajua kabla hujayamaliza, akakucheka.

Kama utoke au ubaki, sijui. Kama utazame au ugeuke, sijui. Kama anajua ulisikia pale mlangoni, sijui hata kidogo. Maswali yote uliyoniandikia ni mazuri, Kasmir, hakuna hata moja la kupunguza, ila umeyapeleka nyumba siyo. Anayeyajua majibu yuko hatua mbili kutoka hapo ulipo.

Usingoje kuimaliza barua hii. Ikunje, vuta benchi karibu, umwulize.

Kabula